Kaboni, Betri na Shemeji Yangu Sospeter

Wiki iliyopita wamekuja tena. Vijana wawili wa karakana ya Usagara, wamepakizana kwenye pikipiki mpaka kwangu Kisesa, wa nyuma amekumbatia maboksi mawili kama anapeleka mahari. Shikamoo bibi, marahaba, wakaketi. Maji nimewawekea, hawajagusa. Wakafungua maboksi. Ndani ya kila boksi kuna bisbisi ya betri, ile fupi nene inayogonga huku inazungusha, ambayo ninyi mnaiita impakti. Moja ni ya kaboni. Nyingine haina kaboni, ndiyo mnayoiita brashilesi.

"Bibi, ipi bora?"

Nikawauliza, "Bora kwa kazi gani?"

Wakatazamana.

Hapo ndipo mnaponichosha. Mtu amesafiri na jua lote hili, anajua mota inazunguka mara ngapi kwa dakika, anajua mzungu gani kwenye simu amesema nini, lakini skrubu anayokwenda kuifunga haijui. Ni ya bati au ya mbao? Unafunga ukiwa juu ya ngazi au mezani? Umeme wa kuchajia uko wapi? Hajui. Anataka tu nimwambie "ya bluu" au "ya kijani" arudi kijiweni akawashinde wenzake.

Basi nimeamua kuandika, mara moja, ili atakayekuja tena nimpe karatasi asome huku mimi napalilia mchicha wangu.

Ndani ya mota ya kaboni kuna sehemu inayozunguka, imesukwa kwa waya wa shaba, na shingoni mwake kuna pete ya vipande vya shaba. Umeme lazima ufike kwenye kitu kinachozunguka. Utaufikishaje bila waya kujinyonga? Unaweka vipande viwili vya kaboni, vyeusi, vidogo kama kipisi cha chaki anachobaki nacho mwalimu akimaliza ubao. Kila kimoja kinasukumwa na springi yake kiikandamize ile pete. Pete inazunguka, kaboni inasugua, umeme unapita. Kwa kuwa inasugua, inalika. Kwa kuwa inagusa na kuachia, inatoa cheche. Ukichungulia kwenye matundu ya hewa wakati inazunguka utaziona. Zikiwa ndogo, za bluu, zimetulia mahali pamoja, mota ni nzima. Zikiwa za rangi ya chungwa na zinaizunguka pete yote kama mkufu, zima. Usiseme "ngoja nimalizie hii moja." Zima.

Brashilesi imegeuza mambo. Kinachozunguka ni sumaku tu, na sumaku haidai kupelekewa umeme. Waya za shaba zimekaa pembeni zimetulia, na kuna kibao cha elektroniki kinachoamua waya ipi ipate umeme sasa na ipi isubiri. Hakuna kinachosuguana isipokuwa beringi. Kwa hiyo betri ileile inakufikisha mbali zaidi, mwili hauchemki upesi, na mashine yenyewe imekuwa fupi, unaingia nayo ndani ya kabati bila kuvunja kiwiko. Hilo nalikubali. Mimi si mzee wa kukataa kila kitu.

Lakini niulizeni ikifa. Ya kaboni ikifa, mara nyingi umeng'oa vifuniko viwili pembeni, umetoa vipisi viwili, umeweka vipya, umerudi kazini chai haijapoa. Brashilesi kibao chake kikifa, kimemwagiwa dawa ngumu kama kauri, hakifunguki, na ukiuliza dukani kibao kipya utaambiwa nunua mashine nyingine. Unabaki na sumaku nzuri sana ya kushikia misumari.

Kwa hiyo anayepaua kila siku, na ana duka la kumhudumia, achukue brashilesi. Anayerekebisha milango na viti hapa Kisesa na mara mojamoja anaitwa kupiga kenchi za paa, ya kaboni inamtosha, mradi siku hiyohiyo ya kununua anunue na kaboni za akiba. Kama muuzaji hana kaboni za akiba, usinunue. Na anayefunga skrubu ndogo za shaba za bawaba, aweke impakti chini kabisa, ya aina yoyote, achukue bisbisi ya mkono. Impakti itamkatia kichwa cha skrubu kabla hajamaliza kujisifu.

Haya yote niliwaeleza wale vijana siku ile, na nilipofika hapo mmoja wao, mrefu, akaniambia, "Lakini bibi, brashilesi haitoi cheche, kwa hiyo hata penye petroli unafanya nayo kazi."

Nikasimama. Wakadhani nimeumwa na kitu.

*

Mimi kusuka mota nilijifunza kiwandani, kiwanda cha nguo, enzi ambazo filimbi yake ilikuwa ndiyo saa ya mji. Nilipelekwa idara ya umeme kwa sababu idara ya ufumaji ilikuwa imejaa, basi, hakuna maajabu yoyote. Mkubwa wetu alikuwa Mzee Bwire, Mjita, mtu mfupi mwenye hasira fupi zaidi. Mwezi wa kwanza hakuniita jina. Aliniita "wewe."

Ukimpelekea mota na kumwambia imekufa, alikuwa anakufokea. "Mota haifi yenyewe. Mota inauawa. Nenda kanitafutie muuaji." Na kweli ulikuwa unarudi kutafuta. Muuaji alikuwa vumbi la pamba, au beringi kavu, au mtu aliyeifunga mashine ikazunguka kwa mzigo usio wake. Lakini mara nyingi muuaji alikuwa kaboni iliyochoka, ambayo mtu aliiona imechoka akasema itafika Ijumaa.

Siku moja niliweka kaboni mpya kwenye mota ya mashine ya kusokotea, nikafunga, nikawasha, ikawaka. Nikafurahi. Mzee Bwire akaja akasikiliza, akazima, akazitoa zile kaboni, akatazama nyuso zake, akazitupa dirishani kwenye rundo la takataka za pamba.

"Zitafute," akasema.

Nilizitafuta mpaka nywele zangu zikawa nyeupe kama nina umri wa sasa. Nilipomletea akanionyesha: uso wa kaboni ulikuwa bapa, na pete ni ya mviringo. Zilikuwa zinagusana kwa mstari mwembamba kama ukingo wa kisu, na umeme wote wa mashine ile unapita pale. Akachukua msasa laini, akauzungusha kwenye pete, akaisugua kaboni juu yake taratibu mpaka ikapata bonde la kulala. "Sasa vimejuana," akasema. "Vitu vikikaa pamoja lazima vijuane kwanza." Ndiyo maana mpaka leo ukiweka kaboni mpya unaiacha mashine izunguke bure kwanza, bila kazi. Ninyi mnaweka na kukimbilia kutoboa zege.

Kiwanda kikasimama. Kwanza zamu ya usiku, halafu zamu zote. Tukaambiwa anatafutwa mnunuzi. Mzee Bwire alirudi kwao Musoma, na mimi nikaweka meza yangu Mabatini, mbele ya duka la nafaka, nikaandika kwa rangi nyekundu kwamba nasuka mota. Wanaume walikuwa wanakuja na mashine zao mkononi, wanauliza, "Fundi yuko wapi?" Nasema, "Ndiye mimi." Wanasema, "Sawa, lakini fundi mwenyewe anarudi saa ngapi?"

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Kila kitu kiliingia. Jana hukupata hata balbu, leo duka limejaa mpaka barazani. Bwana Kanti, ambaye babu yake alikuwa mnunuzi wa pamba hapahapa kanda ya ziwa, alibadilisha duka lake la vitambaa, akaanza kuuza vifaa vya ufundi. Zikaja drili za kutoka Dubai, zikaja mitumba ya Ulaya, misumeno ya umeme, mashine za kung'arishia. Nyingine zilikuwa nzuri. Nyingine zilikuwa plastiki iliyofundishwa kupiga kelele.

Mimi nilikuwa napita pale, mteja ameshika drili anaitazama rangi, nasema, "Baba, vifuniko vya kaboni viko wapi kwenye hiyo?" Anageuzageuza, hakuna. Maana yake kaboni zikiisha, na mashine imeisha. Mteja anairudisha. Bwana Kanti alikuwa anashika kichwa.

"Mama Kabula, unanifukuzia watu!"

"Sifukuzi. Nauliza tu."

"Basi njoo uulizie huku ndani, kabla sijanunua." Akaniwekea stuli nyuma ya kaunta, na tangu siku hiyo nikawa namjaribia mizigo kabla hajauza. Tuligombana sana mimi na Bwana Kanti, lakini alikuwa anasikiliza nusu, na nusu si haba.

Katika mzigo mmoja zikaja drili za betri. Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuona. Betri yake ilikuwa kubwa kuliko drili, ndefu kama gunzi, na ukiichaji asubuhi nzima inakufanyia kazi mpaka mchana, tena uwe mpole nayo. Zote za kaboni. Hiyo brashilesi yenu haikuwa imefika huku hata kwa jina. Lakini haikuwa na waya! Watu walipanga foleni kuitazama. Na kwa jinsi umeme ulivyokuwa unakatika miaka ile, mtu mwenye drili inayofanya kazi umeme ukiwa umekatika alikuwa bwana mkubwa.

Wa kwanza kununua alikuwa shemeji yangu Sospeter, mdogo wake mume wangu Masanja.

*

Sospeter ni seremala. Ni seremala mzuri, hilo sitamnyima. Mkono wake unajua mbao. Tatizo liko juu ya shingo. Alipopata ile drili alijishonea mfuko wa ngozi, akaufunga kiunoni, akawa anatembea nayo Mabatini kama askari mwenye bastola. Kanisani alikwenda nayo. Mchungaji akamwomba aiache nje, akasema nje wataiiba, akakaa nayo nje yeye mwenyewe.

Wakati huo ndio sangara walikuwa wamefanya mji uchangamke. Kila ufukwe kulikuwa na mtu anajenga jengo la samaki. Sospeter alipata kazi kwenye jengo mojawapo, kupiga kuta za ndani za chumba cha baridi. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: ukuta unafunikwa kwa plaiwudi, juu ya plaiwudi zinabandikwa shiti nyeupe za plastiki zinazoweza kuoshwa, halafu pembeni zinafungwa vipande vya alumini kwa skrubu. Shiti zile hubandikwa kwa gundi ya manjano ya kwenye madebe, ile mnayoijua, inayopakwa pande zote mbili na kuachwa ikauke kidogo kabla ya kubandika. Wakati inakauka, kinachotoka ndani yake kinaingia hewani. Kinapasua kichwa. Na kinawaka kama petroli.

Asubuhi moja Sospeter akaja mezani kwangu na drili yake.

"Shemeji, itazame. Inakoroma."

Niliiwasha, nikachungulia kwenye matundu. Mkufu mzima wa rangi ya chungwa. Nikaifungua. Kaboni moja ilikuwa imebaki kama ukucha, springi yake imeanza kukwaruza pete yenyewe. Nikamwambia, "Hii niachie. Nitachonga kaboni nyingine kutoka kwenye kubwa, na pete lazima niisafishe."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kesho kutwa."

"Shemeji, nina kazi!" Akaichukua mkononi mwangu, akaifunga mwenyewe. "Bado inazunguka. Nitakuletea Jumamosi."

"Sospeter, hiyo inatema moto. Na kule mnapaka gundi."

Akanicheka. Si kicheko kibaya, kile cha kumcheka shemeji. Akaigeuza ile drili juu na chini mbele yangu. "Moto utoke wapi? Umeona waya hapa? Haina waya, shemeji! Umeme hauna pa kupitia."

Nilimweleza. Naapa nilimweleza. Nikachukua mota nyingine mezani, nikamwonyesha kaboni, nikamwonyesha pete, nikamwambia betri nayo ni umeme. Alikuwa anaitikia, "Ndiyo, shemeji, ndiyo," huku macho yako barabarani. Akaenda zake.

Sikupata usingizi mzuri. Asubuhi yake nilikuwa na safari ya kulekule kwenye jengo, kwa sababu nilikuwa nimewasukia mota ya pampu yao ya maji na ilikuwa tayari. Masanja akanibebea mpaka barabarani, nikamwambia, "Mdogo wako atatuua kwa ukaidi." Akasema, "Tangu utotoni." Basi, ndio msaada nilioupata.

*

Nilipofika uani niliisikia harufu kabla sijaweka mota chini. Ilikuwa siku ya wadudu wa ziwani, wale wanaokuja kama moshi kutoka majini, wanaingia puani, wanaingia kwenye chai. Wamegandia kila kitu. Na gundi mbichi ikiwaona, haiwaachii. Jana yake walikuwa wamebandika shiti, chini yake wadudu wamejaa kama zabibu kwenye keki, mwenye jengo akakataa kazi. Kwa hiyo msimamizi wao, Bwana Mashaka, akaamuru mlango wa chumba ufungwe na chini yake yapangwe magunia. Chumba hakina dirisha, maana ni chumba cha baridi. Ndani kuna mafundi kadhaa, kuta mbili zimepakwa gundi upya, na shemeji yangu na bastola yake.

Nikasukuma mlango. Macho yakaanza kutoa machozi palepale.

"Funga mlango, mama! Wadudu!" akapiga kelele Bwana Mashaka.

"Tokeni nje wote. Hapa patawaka."

"Pawake na nini? Hakuna anayevuta sigara humu."

Hilo lilikuwa kweli. Bwana Mashaka hakuwa mjinga, naomba mnielewe. Alikuwa amepiga marufuku sigara na kiberiti tangu siku ya kwanza, na aliyepatikana navyo alifukuzwa. Alijua gundi inawaka. Hakujua tu kwamba moto umeingia ndani ya chumba ukiwa kiunoni mwa Sospeter.

Sospeter alikuwa kwenye kona ameshaweka kipande cha alumini, skrubu mdomoni, drili mkononi. Nikamwambia, "Weka chini." Akanitazama kwa aibu, wenzake wote wanatazama. Akatoa skrubu mdomoni. "Shemeji, tutaongea nyumbani."

Nitawaambia ukweli, maneno yaliniishia. Nilikuwa nimeshaeleza. Mtu akishaelezwa na hakuelewa, ukimweleza tena kwa sauti kubwa zaidi hatakuwa ameelewa zaidi. Nikamwendea, nikaikamata ile drili kwa mikono yote miwili, vidole mbali na kitufe, nikabonyeza vile vibanio vya pembeni, betri ikachomoka. Nikaitia kwenye kanga yangu, nikafunga fundo, nikatoka mbio.

Nasema mbio. Nilikuwa na umri wa kukimbia wakati huo, lakini si mwili wa kukimbia.

"Shemeji! Shemeji, betri yangu!"

Nikavuka ua, nikapita kwenye rundo la mchanga, nikaelekea getini. Sospeter nyuma yangu, mfuko wake wa ngozi unampiga pajani. Na mafundi wenzake je? Nani atabaki kunusa gundi wakati nje mwanamke anakimbizwa na shemeji yake kwa ajili ya betri? Walitoka wote. Walitoka wanashangilia, mwingine ananishangilia mimi, mwingine Sospeter. Mlango ukabaki wazi.

Getini akanifikia. Akashika pindo la kanga, nikamwambia, "Vuta uone, mbele ya watu." Akaachia. Tukasimama tunahema. Akasema kwa sauti ya chini, "Umeniaibisha, shemeji. Hawa nitawatazamaje kesho?" Na sauti ile iliniuma, maana kweli nilikuwa nimemwaibisha, na sikuwa na njia nyingine.

Bwana Mashaka alikuwa amebaki mlangoni peke yake. Alikuwa amekasirika, na ana haki. Kazi imesimama, mafundi wake wanacheka getini, wadudu wanaingia kwenye gundi. Akatuita, hakuna aliyegeuka. Kwa hiyo akafanya ambacho msimamizi yeyote angefanya: alichukua drili ya zamani, ile ya waya, akavuta waya wake mpaka kwenye kizingiti, akapiga goti afunge kipande cha kwanza mwenyewe ili tuone kwamba kazi haimsubiri mtu.

Hiyo nayo ni ya kaboni. Sikuifikiria. Akili yangu yote ilikuwa kwenye ile ya Sospeter. Nilidhani nimeshautoa moto mule ndani kwenye fundo la kanga.

Hatukusikia mlipuko kama mnaousikia kwenye sinema. Tulisikia *huuu*, kama mtu mkubwa sana amevuta pumzi. Mlango ule ulijaa rangi ya manjano. Kisha Bwana Mashaka akaonekana anatoka kwa magoti na viwiko, hana nyusi, mikono ameinyoosha mbele kama mtu anayebeba sinia.

Sospeter ndiye aliyemfikia wa kwanza. Hilo nalo lazima niliseme. Yule mtu aliyekuwa amenishika kanga alikimbia kuelekea kwenye moto huku sisi wengine bado tumepigwa butwaa. Alimvuta Bwana Mashaka mpaka kwenye pipa la maji, akaizamisha mikono yake yote miwili, akaishikilia humo huku mwenzake anapiga kelele. Wengine wakarudi na akili zao, wakaanza kutupa mchanga. Chumba kiliungua plaiwudi yote. Mtu hakufa hata mmoja. Kama mlango ungekuwa umefungwa na mafundi wote ndani, mimi leo nisingekuwa naandika mambo ya kaboni. Ningekuwa mfiwa mpaka leo, na Masanja angekuwa hana mdogo.

*

Mnadhani Sospeter alinishukuru?

Akaanza kunikwepa. Akija kumwona kaka yake anapitia mlango wa jikoni nikiwa mbele, na mlango wa mbele nikiwa jikoni. Alimwambia Masanja, "Mkeo angenieleza vizuri ningeelewa." Nilisikia hilo nikiwa nachambua dagaa, nikawamwaga wote chini. Betri yake nilimrudishia, na drili nikaitengeneza vizuri kabisa, kaboni mpya, pete nimeing'arisha. Akaipokea kwa mkono wa kushoto.

Mwenye jengo naye akasema ni gundi mbovu. Mafundi wengine wakasema ni mkosi wa wadudu. Mmoja akasema hadharani, pale Mabatini, kwamba moto uliletwa na mwanamke kuingia kwenye jengo ambalo halijabarikiwa. Nilikaa mezani kwangu nasikia, bisbisi mkononi, naomba Mungu anizuie.

Nikaenda hospitali kumwona Bwana Mashaka. Nilimpelekea uji wa ulezi. Mikono yake yote miwili ilikuwa imefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko, mke wake alikuwa amekwenda kuchukua nguo nyumbani, na hapakuwa na wa kumnywesha. Nikavuta kiti, nikachukua kijiko.

Alikunywa kidogo, akaniuliza, "Mama Kabula, ilikuwa nini? Mimi nilibonyeza tu."

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu aliyepotelewa na kitu njiani na anataka kujua kilidondokea wapi. Basi nikamweleza, kijiko baada ya kijiko. Nikamweleza kaboni zinavyosugua na kwa nini zinatema cheche, nikamweleza kwamba cheche ikiwa ya mota inawasha gundi sawasawa na ya kiberiti. Nikamweleza kwamba kufungua mlango ghafla na kurudi kazini palepale kunaweza kuwa kubaya zaidi, kwa sababu mvuke mzito unapopata hewa ndipo unapopata hamu ya kuwaka. Mlango unafunguliwa, watu wanatoka, wanakaa nje mpaka pua isahau. Nilimaliza uji na maelezo kwa pamoja. Hakunikatiza hata mara moja.

Katika maisha yangu yote ya kazi, huyo ndiye mtu aliyenisikiliza mpaka mwisho. Ilibidi afungwe mikono na ajazwe mdomo, lakini alinisikiliza.

Alipopona, ngozi ya mikono yake ikiwa imekunjamana kama karatasi, alirudi kwenye ujenzi. Kila penye gundi alikuwa anatoa watu wote nje, anazima umeme kutoka kwenye bodi, anakusanya drili zote, za waya na za betri, anaziweka uani juu ya gunia. Sospeter alikuwa chini yake. Alikuwa anakaa nje pamoja na wengine, amenuna, anapoteza, kama anavyosema yeye, nusu ya maisha yake kwa kusubiri harufu.

Kwa hiyo wewe mrefu uliyeniambia brashilesi ni ya kufanyia kazi penye petroli, sikiliza. Ndani ya mota, kweli, hakuna cheche. Lakini kuna betri unayoichomoa na kuichomeka, kuna kitufe, kuna kibao kinachoweza kuungua wakati wowote, kuna biti, ile ncha ya chuma, inayogonga chuma. Mashine haijatengenezwa kwa ajili ya mahali hapo, na haijaahidi. Ninyi ndio mnaoiahidia watu. Fungua mlango, subiri nje, na kama unaona aibu kusubiri, njoo nikupe jembe tupalilie.

Mwezi jana tulikuwa na harusi ya mjukuu wetu, mimi na Masanja. Sospeter sasa ni mzee, anatembelea fimbo. Wakampa kipaza sauti, badala ya kuwausia maharusi akaanza kusimulia jinsi shemeji yake alivyomwibia betri mchana kweupe na kukimbia nayo kwenye kanga, na jinsi alivyopoteza kibarua kizuri cha kuta nyeupe kwa sababu ya wivu wa mwanamke asiyependa maendeleo. Ukumbi mzima ukacheka mpaka vigelegele. Nyusi zake zote mbili ziko mahali pake, zimekuwa nyeupe, na zilikuwa zinapanda na kushuka anavyosimulia. Kwenye meza yake walikaa watoto wake na wajukuu wake, wamejaa mpaka wameazima viti.

Nilitaka kusimama nimsahihishe. Masanja akanishika mkono chini ya meza. Nikamwacha aendelee kulalamika.